Birika Lenye Ng'ombe Kichwa Chini

Mwanangu Zaituni,

Salamu naziruka. Nimekusalimu asubuhi ukiwa unafagia uwanja, na nitakusalimu tena jioni mtakaporudi na mama yako kutoka Ludara kuwaaga wajomba zako. Mtu hamwandikii salamu mtu anayelala chumba cha pili. Ninaandika kwa sababu kesho alfajiri lori la tumbaku litakuchukua kwenda Arua, shule ya bweni, na mimi najijua. Mbele ya dereva na majirani nitasema, "Haya, soma vizuri," halafu nitazunguka kukagua magurudumu ya lori la watu mpaka muondoke.

Mambo ya sabuni, ya kufua, ya kuamka kuswali, ya kutoazimisha kanga, hayo mama yako ameshakwambia na ataendelea kukwambia mpaka lori lipotee kwenye kona. Siyaingilii. Langu ni moja tu, nalo ni birika.

Nimeliona, Zaituni. Mlipoondoka nilifungua sanduku lako. Usikasirike. Sanduku nimelitengeneza mimi, kufuli nimelitia mimi, na fundi bati haombi ruhusa kugusa bati lake. Nilitaka tu kuhakikisha bawaba hazilii. Nikakuta magauni, juzuu yako, madaftari, viatu vimezungushiwa gazeti, kitana, mswaki. Birika hakuna. Nikatafuta nyumba nzima, nikalikuta nyuma ya mtungi wa maji, limefunikwa kitambaa cheupe kama maiti. Nilikaa chini palepale kwenye tope la mtungi, na suruali yenyewe ni ile ya Ijumaa.

Najua unachowaza. Bweni lina wasichana wa kila upande, wengine mabinti wa wakubwa, na wewe ndiye utakayeinama juu ya beseni kila asubuhi, birika la bati puani, maji yanaingia huku yanatokea kule. Na birika lenyewe si zuri, nakubali. Nililikata kwenye kopo la samli, na kwa haraka yangu nikaligeuza vibaya, ndiyo maana yule ng'ombe aliyechorwa anasimama kichwa chini, miguu juu. Hakai sawa mpaka uliinamishe birika puani. Mtu mwingine angelikwangua ile picha. Mimi nilisema mtoto atacheka, na kweli ulicheka, lakini siku hizo ulikuwa mdogo.

Nakuomba ulichukue. Pua yako ukiiachia inajifunga tena, na wewe unajua. Uliiachia ulipokwenda kukaa kwa shangazi yako kule Dranya, ukarudi unapumulia mdomo, umeshika paji la uso, ukiitwa huitikii. Hapa nyumbani tulikuwapo sisi wa kugundua. Bwenini watasema tu kwamba yule msichana wa Koboko ni mzito wa kichwa, watakuweka nyuma, na wewe kwa haya zako utanyamaza. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Basi ngoja nikukumbushe tulikotoka, maana mengine ulikuwa mdogo, na mengine ulikimbia kabla hayajaisha.

Mafua yako yalikuja ulipoanza shule. Ya watoto wenzako yalikuja na mvua yakaondoka na mvua. Yako yaliipenda nyumba, yakakaa. Masika yapo, kiangazi yapo. Watoto wakakupa jina la Bomba. Usiku ulikoroma mpaka Haboba, mama yangu, ambaye ameolewa na askari na kuzaa askari, akasema hajawahi kusikia mtoto wa darasa la pili akikoroma kama sajini mstaafu.

Na mimi nikiwa kibandani nilikuita uniletee koleo, hukugeuka. Nikakuita tena. Nikasema mtoto huyu ana kiburi, na kiburi chenyewe ni cha upande wa mama yake. Kumbe masikio yalikuwa yameziba pamoja na pua, ulikuwa huisikii sauti yangu kabisa. Nimekukaripia sana siku zile, Zaituni. Linaniuma mpaka leo, na nimelisema.

Dawa zikaanza kumiminika. Koboko hakuna mtu asiye daktari wa pua ya mtoto wa mwenzake. Mmoja akatoka Lobule na baiskeli, ameleta majani ya kufukiza. Mwingine akaleta ugoro, ukapiga chafya mpaka kuku wakahamia kwa jirani na hawakurudi wote. Haboba naye alikuwa na yake, nayo ilikuwa udhu.

"Hii mutoto hapana vuta maji muzuri," akasema. "Wakati ya kutawadha iko nagusa pua tu, kama naogopa itakatika. Vuta! Mutu ya kuvuta maji mara tano kwa siku, mafua itakaa wapi?"

Hakuna aliyeweza kumbishia, maana yeye hajaugua mafua tangu tumjue. Ukachotewa maji baridi ya kisima kwa kiganja, ukavuta. Yakakuchoma mpaka kwenye ubongo, ukapiga kelele, na mimi nikasema basi, aachwe. Haboba akaniambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo nilikuja kuielewa baadaye, kwa pua yangu mwenyewe.

Ndipo tukaenda hospitali Arua. Unamkumbuka yule daktari mrefu? Alikumulika puani kwa tochi, akakubonyeza mashavuni, ukaruka. Akasema ndani ya uso wa mtu mna vijumba vya hewa, na vyako vimejaa uchafu na kuvimba, ndiyo maana kichwa kinauma na masikio yanaziba. Akatupa vidonge vya juma lile, kisha akasema kazi kubwa itafanywa nyumbani: kuosha pua kwa maji ya chumvi.

"Chemsha maji, acha ipoe mpaka iwe vuguvugu," akasema. "Kikombe moja, chumvi nusu kijiko ya chai. Onja. Ikiwa kama machozi, iko sawa. Maji bila chumvi ndiyo nachoma."

"Daktari," nikamuuliza, "hii maji naingia wapi, natoka wapi?"

"Naingia tundu moja, natoka ile ingine."

Nikacheka kwa adabu. Nilidhani ananitania kwa sababu nimetoka Koboko.

Nilirudi nimenuna njia nzima. Siku zile mtu aliyetoka hospitali bila kuchomwa sindano watu walimwona kama hakufika. Mimi nimekwenda mpaka Arua, nikarudi na habari ya chumvi! Na chumvi yenyewe ilikuwa imeadimika. Ukiingia dukani unakuta mwenye duka na mizani, basi. Hata hivyo nikakata kopo la samli, nikatengeneza birika. Nusu ya Koboko inatawadha kwa mabirika yangu. La pua halikuwa shida, ni kulifanya dogo na kuupa mdomo shingo nyembamba, ukingo umekunjwa usikwaruze. Isipokuwa ng'ombe, kila kitu kilikuwa sawa.

Kosa lilikuwa kwenye chumvi. Unakumbuka tulivyokuwa tunapikia siku zile, kama watu wote: mabua na majani yanachomwa, majivu yanachujwa kwa maji, na yale maji ndiyo yanayotiwa kwenye mboga. Kunde ngumu zilizokaa mwaka mzima zinaiva mara moja, zinakuwa uji. Mimi nikasema chumvi ni chumvi. Sikujiuliza kitu kinacholainisha kunde za namna ile kitafanya nini kikiingia puani kwa mtu.

Mwenyezi Mungu alikulinda, kwa sababu uligoma kuanza. Ukasema, "Baba aanze." Majirani walishajaa uwanjani kuangalia dawa ya Arua, wamekaa na vigoda vyao. Basi nikainama juu ya beseni, nikasema Bismillahi, nikamimina.

Zaituni, nimewahi kukanyaga msumari wa moto. Nimewahi kuumwa na nge kidoleni. Sijawahi kuona moto kama ule. Uliingia puani, ukapanda machoni, ukateremka kooni, ukarudi kuangalia kama umesahau kitu. Lakini uwanja ulikuwa umejaa watu, nawe umesimama mbele yangu umekunja mikono, unanitazama. Nikainuka pole pole. Nikatabasamu. Nikasema, "Tamu."

"Baba, mbona wewe nalia?" ukauliza.

"Nalia kwa furaha," nikasema, na damu kidogo ikanitoka puani.

Mama yako akachukua kikombe, akanusa, akapiga kelele iliyosikika mpaka barabarani. "Hii iko ya kunde! Wewe napika pua?"

Kufikia hapo wewe ulikuwa umeshatoweka. Tulikukuta kwenye mihogo jua limezama. Mimi nilipoteza harufu kwa muda, nikawa nakula kwa kukumbuka.

Somo nililolipata ni hili, nalo nimelilipia kwa pua. Mtoto ukimwambia itauma kidogo, atakuja. Ukimwambia tamu huku machozi yanakudondoka, hatakuamini tena hata ukimwambia jua ni kali. Huko uendako utakutana na wengi watakaokwambia tamu. Watazame machoni kwanza.

Chumvi ya kweli aliileta mjomba wako wa Ludara kutoka mnada wa upande wa Zaire, ameifunga ndani ya shati, yeye mwenyewe kifua wazi juu ya baiskeli. Mama yako akaitia kwenye lile kopo jeupe lenye kifuniko, akaliweka chini ya kitanda, na tangu siku ile, hata akiwa hayupo, hakuna anayethubutu kuligusa, maana atarudi. Jirani yetu Mama Sauda aliposikia chumvi inakwenda wapi alikuja na mikono kichwani.

"Watu nakula mboga bila chumvi, nyinyi natia kwa pua?"

"Kama wewe nataka, leta sahani," mama yako akamjibu. "Ile inatoka, nitakupa yote."

Mara ya pili hatukuita watu. Nilikuchuchumalia nikakwambia ukweli: itakera, si tamu, hata mimi siipendi, na ukisema basi ninaacha hapo hapo. Nikakupa mpini wa birika uushike mwenyewe. Mama yako akachanganya, akaonja, akasema bado, akaongeza punje chache. Kisha kwa sababu wewe ulikuwa umeshaanza kulia kabla ya lolote, akapitisha kidole shavuni kwako, akalamba, akaonja tena kikombe, akasema, "Sasa iko sawa." Kipimo chetu kikawa hicho. Ukainama, ukageuza uso upande, ukaachama mdomo, ukasema aaa.

Maji yakatoka tundu la pili.

Haboba alikuwa ameshika beseni. Aliliachia. "Bismillahi! Mutoto iko natoboka! Kichwa yake iko wazi ndani!" Mimi fundi, niliyepeleka maji kwenye mabomba ya watu, nilisimama pale nimeduwaa, natazama mtoto wangu akivuja kama nilivyoambiwa. Na baada ya maji yakaja mengine, ambayo siyaandiki kwa sababu barua hii unaweza kuisoma karibu na chakula. Ukapenga kidogo kidogo, upande mmoja baada ya mwingine. Ukafunga mdomo. Ukavuta hewa kwa pua, ukatutazama sote kama mtu aliyeona kitu, ukasema, "Mama, maharage iko naungua."

Ilikuwa kweli, yalikuwa yanaungua.

Siku chache baadaye kamasi zilirudi, nikasema nilijua, dawa gani hii ya kurudia kila siku, daktari alitudanganya. Mama yako akabandika sufuria. Alichemsha maji. Asubuhi alichemsha, jioni alichemsha, wiki zikapita, mimi nikiguna na yeye akionja. Nilikuwa mtu wa kutaka kitu kipone kama bati linavyozibwa, unalehemu mara moja unaondoka. Mwili si bati. Unaosha leo, kesho unaosha tena, na siku moja unashtuka kwamba muda mrefu hujalalamika.

Siku hiyo naikumbuka. Nilikuwa kibandani, nimekupa mgongo, nikasema kwa sauti ndogo ya mtu anayejisemea, "Koleo liko wapi." Ukaitika ukiwa mbali kule jikoni, "Labeka, Baba!" ukaja nalo unakimbia. Nilishindwa kulipokea. Nikajifanya moshi wa makaa umeniingia machoni, na wewe mjinga ukanipepea.

Kwa hiyo usinione nang'ang'ania kopo la samli. Nang'ang'ania ile labeka. Wakikucheka bwenini, waache wacheke siku ya kwanza. Mimi nilichekwa na uwanja mzima, na Mama Sauda huyo huyo baadaye alikuja jioni amemfunika mwanawe kanga, anaomba "ile birika ya ng'ombe" kwa kunong'ona. Mficha maradhi kilio humfichua. Bora uchekwe ukiwa

Ngoja kwanza. Nyuma ya jikoni mtu anasema aaa.

Nimerudi. Kalamu imekaa nje ya karatasi muda mrefu kidogo, nisamehe.

Nilikwenda kwa kunyata. Haboba amekaa kwenye kigoda ameshika beseni, safari hii kwa mikono yote miwili. Mdogo wako Rehema ameinama, uso umegeuka upande, birika puani, na yule ng'ombe amesimama wima sawasawa. Paka yuko mbele yao anatazama. Na Rehema, maji yakiisha, anamfundisha paka kwa sauti yako hasa, ile ya kujifanya mwalimu:

"Fungua mudomo, sema aaa. Hapana vuta. Polepole. Na kama Baba nasema tamu, usisadiki."

"Nani amekupa hiyo?" nikauliza.

"Dada," akasema. "Dada nasema sasa iko yangu. Nasema pua yangu naanza kukoroma kama yake. Alificha nyuma ya mtungi, sababu wewe ukiona utarudisha kwa sanduku."

"Na yeye atatumia nini huko Arua?"

"Nasema atatafuta kikombe."

Haboba akanitazama kwa yale macho yake. "Wewe tangu adhuhuri naandika," akasema. "Mutoto nafundisha mutoto."

Nilichovya kidole kwenye yale maji uliyomchanganyia kabla ya kwenda Ludara. Nikaonja. Halafu nikaonja kipimo, maana kilikuwa tayari kinanitiririka shavuni bila mimi kukiita. Sawasawa kabisa, mwanangu. Hata mama yako asingeongeza punje.

Basi hayo yote niliyoandika juu ya aibu na bweni na mabinti wa wakubwa, yaruke. Ningeyachana, ila karatasi ni adimu na habari ya maharage naipenda. Nilidhani unaiacha dawa, kumbe umegawa. Nilisema una haya. Ndivyo nilivyosema una kiburi siku zile za koleo. Inaonekana mimi nikiona mtoto kimya lazima nimkosee kwanza.

Lakini kikombe sikubali. Kikombe hakina shingo, utajimwagia shingoni kama bata. Nikatafuta bati. Kibandani yamebaki mabati ya kutu tu, na la kutu siliingizi puani mwa mwanangu. Nyumba nzima kulikuwa na kopo moja zuri, jeupe, lisilo na mkwaruzo, lenye kifuniko chake.

Ndiyo. Hilo hilo.

Chumvi nimeigawa. Nusu iko kwenye kichupa kilichoziba vizuri, ndani ya kiatu chako cha kushoto. Nusu iko kwenye chungu cha Haboba, na Haboba ameapa kwamba haoni wala hasikii. Mama yako akirudi akauliza kopo lake, wewe umetoka safari, hujui lolote, ingia ndani ukalale. Nitabaki naye mimi. Kesho wewe utakuwa Arua na mimi nitakuwa hapa Koboko nikielezwa.

Birika jipya nimeshalimaliza, liko ndani ya sanduku, nimeliviringisha kwenye ile kanga yako ya manjano. Halina ng'ombe. Mdomo umenyooka kuliko la kwanza, mkono wangu umekua. Nimelichemshia maji, nimetia chumvi, nimelijaribu kwa pua yangu mwenyewe bila mtu kunitazama isipokuwa paka. Si tamu, mwanangu. Ila haiumi.

Kuondoka kwako ndiko kunakouma, na hilo nalo sikwambii kuwa ni tamu.

Baba yako